Udongo wa Mama Mkwe Katika Jiko la Chuma

Miaka ile ya vita vya pili nilikuwa mpishi katika shamba la mahindi nje ya Kitale, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyefiwa na mumewe. Sisi wafanyakazi tulimwita Memsahib. Jumba lake lilikuwa la mawe, na chumba cha kupikia kilijengwa kando, kikiunganishwa na jumba kwa njia fupi iliyoezekwa mabati. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Mlima Elgon, ukafunika mahindi na zizi la ng'ombe, mpaka nikichungulia dirishani nilikuwa sioni hata rundo la kuni lililokuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Nikiikumbuka miaka hiyo sasa, sehemu kubwa yake imezama katika weupe ule. Kinachobaki wazi ni jiko la chuma.

Lilikuwa jiko jeusi, pana kama kitanda cha mtoto, na zito hivi kwamba wazee wa kambini walisema ng'ombe sita ndio walilivuta kutoka stesheni. Upande wa kushoto lilikuwa na tumbo la kuwekea kuni, na upande wa kulia tanuri la kuokea mkate. Tumbo lile la moto lilikuwa limezungushiwa matofali meupe kwa ndani, ili ndimi za moto zisile chuma. Mtu asiyelijua aliona mlango mdogo na kifuniko chenye tundu za sufuria, basi. Mimi nilijua kila kona yake kwa vidole, kwa sababu kila alfajiri nilitia mkono ndani kutoa majivu.

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi moja nilichelewa kuamka, na mkaa wa jana ulikuwa umegandamana kwenye tofali la upande wa tanuri. Badala ya kuukwangua polepole, nilichukua chuma cha kuchokolea moto nikaupiga. Mkaa ulitoka, na tofali likatoka nao. Si lote. Lilipasuka kwa ufa mrefu kutoka juu hadi chini, na katikati ya ufa kikabanduka kipande kama kiganja cha mtoto. Nilikiokota, nikakitazama, nikakitupa katika shimo la majivu, kisha nikawasha moto kama kawaida na kupeleka chai.

Kwa wiki tatu hivi sikumwambia mtu. Ila mkate ulianza kuungua upande mmoja. Moto ulikuwa ukipita katika lile pengo na kulamba ukuta wa tanuri, na mchana, chumba kikiwa na giza la mvua, niliona chuma pale kimeiva na kuwa chekundu, chekundu kama tunda la porini. Nilikuwa nikikitazama mpaka nasahau nilichokuwa nikifanya. Nilijifunza kuugeuza mkate katikati ya kuoka, na kukata sehemu nyeusi kabla ya kuupeleka mezani. Usingizini nilikuwa naona ukuta ule wa chuma ukiyeyuka na kutiririka sakafuni bila sauti, nami nimesimama na kitambaa mkononi.

Mwishowe nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Memsahib barazani akishona, nikamwambia kwamba nilivunja tofali, na kwamba nilikuwa nimenyamaza. Alimaliza mshono wake kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, kile walichojifunza Wazungu wa pande zetu.

"Mimi najua," alisema. "Mkate nasema."

Hakunigombeza. Alikuwa ameshamwandikia mwenye duka la vyuma mjini, naye alikuwa amejibu kwamba matofali ya namna ile yalitoka ng'ambo, na meli za wakati huo zilibeba askari na bunduki. Ikabidi tungoje, labda mwaka, labda zaidi. Akaniambia nizime jiko lile kabisa, maana ukuta wa tanuri ukitoboka hakuna fundi wa kuuziba. Kuanzia siku hiyo nilipika nje kwa mafiga matatu, chini ya ukingo wa mabati, na Memsahib akala viazi vilivyonuka moshi bila kulalamika.

Ile huruma yake ndiyo iliyonisumbua. Angenikaripia ningepumua. Nikaamua kuliziba pengo mwenyewe. Nyuma ya josho la ng'ombe kulikuwa na kichuguu kikubwa, na udongo wake tulikuwa tukiukandika sakafuni kambini, unakaa mgumu kama saruji. Niliuchota, nikaukanda kwa maji, nikaujaza katika ufa na pengo mpaka tofali likavimba. Halafu nikawasha moto mchana uleule ili ukauke haraka. Kwa muda mfupi nilijiona fundi. Kisha ndani kukaanza kusikika milio, moja, mbili, kama bisi zikipasuka. Nilipofungua mlango mdogo, udongo wangu wote ulikuwa umelala juu ya makaa, na ulikuwa umeondoka na ganda jingine la tofali. Pengo la kiganja cha mtoto sasa lilikuwa kiganja cha mtu mzima.

Jioni ile nilimweleza mke wangu. Tulikuwa tukiishi katika kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja cha udongo, na alikuwa akimnyonyesha mtoto wetu wa kwanza, binti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa utaratibu kwamba udongo wa kichuguu ni wa miguu ya watu, si wa moto. Udongo unaokaa motoni alikuwa akiujua mama yake.

Ilikuwa kweli. Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi, kwao karibu na Chwele. Vyungu vyake vilipelekwa sokoni siku za soko, na watu wa Kimilili walivifuata. Lakini mimi sikuwa nimewahi kumwona uso. Kwetu Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawaingii nyumba moja, hawapeani mikono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyompenda mkeo ndivyo unavyoishika. Katika miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimeona mgongo wa mama yule mara moja tu, kwa mbali, akivuka shamba la wimbi na chungu kichwani. Nilimuuliza mke wangu nitawezaje kujifunza kazi ya mikono kwa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama. Akasema atasimama katikati yetu.

Memsahib alinipa ruhusa ya siku tatu. Tulipanda lori la mahindi hadi Kamukuywa, kisha tukatembea, mtoto mgongoni kwa mama yake. Njia ilikuwa imeota nyasi katikati, na kila tulipopita boma watu walitusalimu kwa muda mrefu, tukajibu kwa muda mrefu. Tulipofika, nilipewa kigoda nyuma ya ghala. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba yake ya kupikia, na mke wangu akakaa kizingitini, akageuza kichwa mara huku mara kule.

Maswali yalitoka kwenye giza la ile nyumba kwa sauti nzito, iliyokuwa haina haraka. Aliuliza jiko lile ni chungu au ni nyumba. Aliuliza moto unakaa wapi na moshi unatoka wapi. Nilichora kwa kijiti mchangani, mlango, tumbo, tanuri, bomba, mchoro mzuri ambao hakuna aliyeuona isipokuwa kuku. Mke wangu alipeleka maneno yangu na kuleta ya mama yake, na mara nyingine nilihisi tunazungumza kupitia maji, kwa jinsi kila neno lilivyochelewa kidogo na kufika limebadilika rangi. Mwisho maswali yakaisha. Nilisikia akifunika kitu kwa kifuniko.

"Mwambie hicho chombo sikijui," alisema. "Nitakuja nikishike."

Sikuamini kwamba atakuja. Hakuwa amewahi kupanda gari. Lakini wiki iliyofuata, baada ya siku ya soko la Chwele, lori la mahindi lilimshusha njia panda akiwa na kikapu cha udongo uliofungwa kwa majani ya migomba, na mfuko wa vyungu vilivyovunjika. Alifikia kwa dada yake, aliyekuwa ameolewa katika kambi ya shamba jirani. Mke wangu alikwenda kumpokea na kurudi akicheka kimya kimya, akaniambia mama alikuwa amefumba macho safari nzima na kumsifu dereva.

Ilibidi nimweleze Memsahib kwa nini mimi nitasimama nje wakati mgeni yuko ndani ya chumba changu cha kupikia. Alitaka kujua kama tumegombana. Nikasema hapana, ni heshima. Alitafakari huku akitazama mlima, kisha akauliza nani atamshika mtoto, ikiwa mke wangu atakuwa akipeleka maneno. Sikuwa nimelifikiria hilo. Basi yeye mwenyewe akanyoosha mikono, na asubuhi nzima ile alitembea barazani na binti yetu begani, akimwimbia kwa lugha yao.

Mimi nilisimama nyuma ya ukuta, chini ya dirisha, uso wangu kwenye kuni za mkaratusi zilizoegemezwa ukutani. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Sikuona chochote ila magome ya kuni na matone ya maji juu yake, na kwa hiyo masikio yangu yaliona kila kitu. Nilimsikia akizunguka jiko mara mbili bila kuligusa. Nilisikia kiganja chake kikipiga chuma taratibu, hapa, pale, kama mtu anayechagua boga. Nilisikia mlango mdogo ukifunguka, kisha kimya, nikajua mkono wake umeingia.

Aliomba maji. Mke wangu alinieleza kupitia dirishani kwamba tofali linanyweshwa kwanza, maana likiwa kavu litanyonya maji ya udongo na udongo utaliachia. Kisha nikasikia mkwaruzo wa chuma. Alikuwa akiupanua ule ufa. Nikataka kugeuka. Mke wangu akasema upesi kwamba mama anasema ufa mwembamba haushiki kitu, lazima uchimbwe uwe mpana ndani kuliko mdomoni, ndipo udongo ukae. Halafu likaja jiwe likisaga vigae vya vyungu, muda mrefu, kwa mwendo mmoja, mpaka nikasinzia kwa kusimama. Vigae vilivyosagwa vilikuwa nusu ya udongo. Juu yake alitia majivu yaliyochekechwa na chumvi kidogo. Vile vigae vilishapita motoni, alisema, havishangai tena.

Baadaye aliuliza nani aliwasha moto mara ya kwanza, baada ya kuziba kwa udongo wa kichuguu. Nikamwambia mke wangu aseme ni mimi. Akauliza niliwasha lini. Nikasema siku ileile.

Nilingoja mke wangu alete jibu. Lakini sauti nzito ile ilipita dirishani moja kwa moja, juu ya kichwa changu, bila mtu katikati.

"Mwanangu, ngoja. Siku saba usiwashe kitu."

Sikujua kama ninaruhusiwa kujibu. Niliinamisha kichwa kwenye zile kuni na kusema, "Ndiyo, mama." Nadhani hata mke wangu alishtuka, kwa sababu nilisikia kibuyu cha maji kikiwekwa chini.

Alifanya sehemu ya mbele, alipoweza kufika. Kona ya nyuma, kule chini ya ukingo wa tanuri, mkono wake ulikuwa mfupi. Aliacha udongo uliobaki chini ya gunia bichi, akaagiza niumalizie, kisha akatoka kwa mlango wa upande wa jumba. Nilihesabu pumzi zangu mpaka mke wangu aliponiambia njia ni nyeupe.

Mchana ule niliingiza kichwa na bega katika tumbo la jiko. Sikuwahi kuwa ndani yake namna ile. Palikuwa na baridi tamu na harufu ya masizi ya zamani. Nilipapasa kazi ya mama mkwe, nikakuta alama za vidole vyake vitatu, zimelala sambamba. Nikaanzia zilipokoma. Nilibonyeza udongo kwa kidole gumba kama nilivyosikia akifanya, kidogo kidogo, nikautoa upepo uliojificha. Bomba la moshi lilikuwa likileta sauti kutoka juu: upepo, hua wa shambani, mtu akiita ng'ombe mbali sana. Sauti hizo zilishuka mpaka sikioni zikiwa ndogo na safi. Nikaona niko ndani ya chungu kikubwa, na mvua inanyesha nje yake, na mama ninayemjua kwa sauti tu anazunguka akigonga taratibu kuona kama kimeiva.

Memsahib ndiye aliyeniamsha. Alikuwa ameingia na mtoto, akaona miguu yangu sakafuni na kichwa kimo ndani ya jiko, akadhani nimekufa. Alinivuta shati kwa nguvu, nikagonga kisogo kwenye chuma. Alipoona nimelala usingizi tu, na uso wangu mweusi kwa masizi, alikaa kwenye stuli akacheka mpaka akafuta machozi, na binti yetu akacheka kwa sababu yeye anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu niajiriwe.

Siku saba zilikuwa ndefu. Niliendelea na mafiga nje. Kila asubuhi nilifungua mlango mdogo kutazama, nikaona udongo ukipauka, kwanza kandokando, halafu katikati. Siku ya nne ulitokea ufa mwembamba kama unywele. Nilimtuma mke wangu mbio kwa mama yake, aliyekuwa bado kwa dada yake shamba jirani, akarudi na jibu kwamba niulowanishe na kuupaka ule udongo wa akiba, nisiogope, kila chungu hulia kidogo kinapokauka.

Siku ya nane niliwasha majani makavu tu. Siku ya tisa, vijiti. Siku ya kumi, kuni mbili nyembamba, na nikakaa chini mbele ya mlango nikisikiliza. Hakukuwa na mlio. Siku ya kumi na moja niliweka magogo ya mkaratusi na mkate ndani ya tanuri, nikazima taa nione ukuta. Ulibaki mweusi. Mkate ulitoka na rangi moja pande zote, rangi ya ngozi ya mtoto wetu, na Memsahib aliukata mwenyewe palepale jikoni, akamfungia mama mkwe wangu nusu yake katika kitambaa cha meza. Mama mkwe alikuwa amekataa kurudi Chwele kabla ya kupata habari. Alipoletewa, alisema sawa, akaondoka na lori la asubuhi.

Kuziba kule kulidumu hadi mwisho wa vita. Matofali mapya yalipokuja hatimaye, ndani ya sanduku lililojaa nyasi kavu, Memsahib alinipa mimi kazi ya kuyapanga, hakumwita fundi wa mjini. Niliyaunga kwa udongo uleule wa mama mkwe, wa kijito cha Chwele, vigae nusu. Baada ya miaka michache aliuza shamba akarudi kwao, nasi tukarudi Bungoma tukiwa na watoto watatu.

Kwetu kuna njia ya kuilegeza ile heshima, watu wakishazeeka kidogo na watoto wakishakuwa wengi. Nilipeleka mbuzi na blanketi. Wazee walikaa upande wangu na upande wao, maneno yakasemwa, kisha mama mkwe akatoka ndani akasimama mbele yangu mchana kweupe. Alikuwa mfupi. Kwa sababu ya sauti ile nilikuwa nimemjengea kimo kirefu miaka yote, na sasa nililazimika kutazama chini ili kukutana na macho yake. Naye alinikagua bila haraka, paji, mabega, mikono. Alinipa mkono. Kiganja chake kilikuwa laini kuliko nilivyodhani, laini kama cha mtu anayeshika maji kila siku. Tulizungumza juu ya mvua na bei ya mbegu, na mke wangu, ambaye sasa hakuwa na la kupeleka, aliondoka kwenda kuangalia sufuria.

Magoti yake yalikuwa yameanza kuuma. Ikawa nikipita kwake namsindikiza kijitoni kuchota udongo, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kikapu. Siku moja ya mwanzo wa masika maji yalikuwa yamepanda. Nilimshika mkono tukavuka yakitufika vifundoni, na ng'ambo akaketi juu ya jiwe kuosha miguu. Akaanza kunisimulia jinsi marehemu mumewe, mwanamume mrefu asiyeogopa fahali, alivyokuwa akiogopa kuvuka kijito kile, na jinsi siku ya kumposa alivyosimama ukingo wa pili mpaka jua likageuka, akimwita kwa jina, na yeye, msichana wakati huo, amejificha kwenye matete akimsikiliza.